Anakula Nini Huyo?

Mto Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, mwendokasi husimama, na fundi wa kompyuta anayekaa Magomeni huishia kuiangalia Kariakoo kwa mbali. Heri yetu sisi wa seva. Ndani ya mashine hizo, kwenye ubao mkuu, mna kikompyuta kingine kidogo kinachokesha hata seva yenyewe ikiwa imezimwa. Dell wanakiita iDRAC, HPE wanakiita iLO. Ukiunganishwa nacho kwa mtandao, skrini ya seva unaletewa ulipo, na kibodi na kipanya vinakuwa vyako. Unaizima, unaiwasha, hata BIOS unaingia.

Mteja wangu mmoja, Hajjat, anauza vitenge vya jumla Mtaa wa Msimbazi, huko huko Kariakoo. Seva yake iko chini ya ngazi, imebeba hesabu zote za duka, hasa madeni. UPS ilikufa zamani. Siku hizi ni stuli ya mlinzi.

Usiku mmoja wa mvua nikaingia kufanya matengenezo nikiwa kitandani. Bando lilikuwa linajikokota, na mshale wangu ukawa hauelewani na wa seva: nikipeleka kulia, wa kule unachelewa, halafu unakurupuka na kupitiliza. Skrini ya dukani nayo ilikuwa inaonyesha yote hayo, na mlinzi alikuwa amejibanza mbele yake akikimbia mvua. Mzee wa watu anaona mshale unayumba kama umetoka kilabuni, herufi zinajiandika, na kibodi imefunikwa kitambaa.

Simu ikaita.

"Fundi, kuna mtu kwenye kompyuta ya Hajjat."

"Shikamoo mzee. Ni mimi huyo."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Nyumbani, Magomeni."

Akanyamaza kidogo. "Sasa kama wewe uko Magomeni, huyu wa hapa ni nani?"

Jaribu wewe kumweleza mtu, saa nane usiku, peke yake kwenye duka lenye giza, kwamba ndani ya lile sanduku mna kitu kidogo kisicholala, kinachosikiliza muda wote, na kwamba mtu akiwa mbali anakitumia kama mikono yake. Kila neno nililosema lilikuwa la kweli, na kila neno lilizidi kumtisha.

"Anakula nini huyo?" akauliza.

"Hali kitu mzee. Umeme tu."

Nikasikia "Bismillahi", kisha kishindo cha plagi kutoka ukutani. Skrini yangu ikaganda, matengenezo yakiwa katikati. Kile kikompyuta hakijali kama seva imezimwa, lakini soketi ni ile ile moja.

Asubuhi Hajjat akapiga. Mlinzi kafukuza mwizi usiku, amempa elfu kumi ya chai. Kuhusu hela yangu, akasema, nije kwanza niiwashe seva, maana haiwaki.