Sifa za Gereza Lisilo na Mfungwa

Wengine husifu wafalme, wengine madume ya ng'ombe, wengine timu iliyotwaa kombe. Mimi leo nasifu gereza. Si Butimba wala Ukonga. Hayo yana watu, na penye watu hapakosi lawama. Nasifu Thornton Hall, nje kidogo ya jiji la Dublin huko Ireland: eneo tulivu, lililopendezeshwa kwa fedha za umma, ambalo tangu serikali ilinunue mwaka 2005 halijawahi kulaza mfungwa hata mmoja, kwa sababu gereza lenyewe halikujengwa.

Tuanze na nasaba yake, maana ni ya kitajiri. Lilikuwa shamba la ekari 150, na serikali ikalilipia euro milioni 29.9, yaani karibu euro 200,000 kwa kila ekari. Sisi wa ukanda wa dhahabu, kutoka Kahama hadi Geita, tunajua mambo ya bikoni. Mthamini hupita akihesabu miembe na mashina ya mihogo, kisha mwenye shamba hubaki akisubiri fidia ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kule Nyamongo, wajanja waliposikia mgodi unataka eneo, walisimamisha nyumba za tegesha ili nao wahesabiwe. Ireland imetupita wote: huko serikali yenyewe ndiyo iliyotegesha, tena kwa bei yake yenyewe, na mpaka leo anayesubiri ni mlipa kodi.

Baada ya kununua ardhi hawakulala. Walilipia upimaji, ulinzi, barabara ya kuingilia na upendezeshaji wa mandhari, hadi jumla ikavuka euro milioni 40. Mwaka 2009 mazungumzo na kampuni zilizotakiwa kujenga yakavunjika; mwaka 2011 serikali mpya ikauweka mpango kando. Mwenye haraka atasema wamekosea. Mimi nasema wamemaliza sehemu ngumu: wamepata gereza lenye njia, mlinzi na nyasi nzuri. Kilichosalia ni gereza tu.

Tazama sasa fadhila zake. Kwanza, halina msongamano. Magereza yetu ya Tanzania yaliruhusiwa kisheria kuchukua watu 29,902, na yalizoea kuvuka hapo. Julai 2019 Rais Magufuli aliingia Butimba, akawasikiliza wafungwa na mahabusu. Desemba 9 mwaka huohuo, katika uwanja wa CCM Kirumba, akatangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Thornton Hall haijawahi kumsumbua kiongozi kwa ziara wala kwa msamaha. Nyasi zake hazilalamiki kwamba zimebambikiwa kesi, na hazijawahi kurudishwa rumande kwa sababu upelelezi haujakamilika.

Pili, ni safi. Jela lililokusudiwa kurithiwa, Mountjoy, lilifunguliwa mwaka 1850, na miaka hiyo ya kupanda nyasi, wafungwa wake wengi walikuwa bado wakijisaidia kwenye ndoo ndani ya selo na kuzimwaga asubuhi. Aliyepitia gereza la kwetu anaijua ndoo hiyo kwa jina la mtondoo. Basi tuwe waadilifu: fedha zilikuwa kidogo, na ilibidi kuchagua kati ya choo cha binadamu aliyepo na mandhari ya mfungwa ajaye. Serikali yenye upeo hutazama mbali.

Shinyanga tunaonekana washamba katika jambo hili. Sisi tumezoea kuanza na mfungwa. Ndiye anayeshika kwanja na kufyeka nyasi za serikali, askari magereza akiwa nyuma yake. Na tulipotaka kupendezesha ardhi yetu, tulifanya kwa ubahili wa kutia aibu. Miti ilikuwa imekatwa kufukuza mbung'o, kisha mashamba ya pamba na mifugo vikamaliza iliyobaki, hata Mwalimu Nyerere alipofika mwaka 1984 akaona jangwa linabisha hodi. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wafadhili walikuwapo, lakini kazi kubwa ilifanywa na ngitili, desturi ya Wasukuma ya kulifungia eneo la malisho mvua zinapoanza na kulifungua kiangazi. Dagashida, yaani mkutano wa jadi wa kijiji, ilipanga sheria, sungusungu wakazisimamia, na mwenye ng'ombe aliyeingia kabla ya siku alitozwa faini. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana hazikuzidi sana hekta 600. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Hakuna aliyenunua ekari kwa euro 200,000. Hakuna hata zabuni ya maua. Kwa kweli hatujui kutumia fedha.

Wapo watakaonipinga kwamba Ireland ni nchi tajiri, na kosa la tajiri ni burudani kwa maskini. Nawajibu kwamba sanaa hii haina mpaka. Kila penye mradi utasikia kwanza uzio, kisha bango, kisha jiwe la msingi na kitambaa cha kukatwa. Jengo lenyewe huachiwa mwaka wa fedha ujao. Thornton Hall ina heri moja tu kuliko miradi mingine: hesabu zake zilitangazwa, watu wakasoma, wakajua kila ekari imewagharimu nini.

Heri hiyo ndiyo sifa pekee ninayoitoa bila mzaha. Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku diwani au mbunge wako atakapokuletea mpango wa gereza jipya wilayani, usiulize litakuwa na bustani ya namna gani. Uliza ekari moja imelipiwa shilingi ngapi, nani kalipwa, na mahabusu walioko sasa wanalala wangapi katika chumba kimoja. Wakishajibu, waambie waanze na choo.