Vigingi vya Bi Mchwa

Swala walioipa Kampala jina lake hawapo tena kwenye vilima vyake. Siku hizi mwenye vilima ni kaloli, korongo yule mwenye upara na mfuko shingoni, anayelala juu ya miti ya mjini na kushuka asubuhi jalalani. Na jalala ndilo lililoleta ugomvi. Ukoo wa Nakasero ulidai mpaka wake unafika Wandegeya. Ukoo wa Makerere ukajibu kwamba Wandegeya ni kwao tangu mababu. Mabawa yakavunjika.

Baraza likaketi Kololo. Mwenyekiti, Mzee Kaloli, akatoa shauri: kila ukoo uchomeke kigingi chini ya kila kiota chake, kisha Buibui avute uzi uwe ua wa kuvizunguka vigingi vya nje kabisa, vingine vyote vibaki ndani. Kilichomo ndani ya uzi ni cha ukoo.

Buibui alikuwa fundi kweli, na msomaji asimdharau. Njia yake ilikuwa hii: husimama kwenye kigingi kimoja, hukitazama cha pili, kisha hujiuliza juu ya cha tatu, kiko kushoto, kiko kulia, au kiko mbele moja kwa moja? Kikiwa kushoto husonga. Kikiwa kulia hufungua uzi na kurudi nyuma. Ua wa vigingi kumi na ua wa vigingi milioni moja husimama juu ya swali hilo hilo la vigingi vitatu. Programu za jiometri za kompyuta zinauliza vivyo hivyo: huzidisha tofauti za namba, hutoa, kisha hutazama alama ya jibu. Chanya ni kushoto, hasi ni kulia, sifuri ni mstari mmoja.

Baraza halikutaka kuaibika mbele ya koo zote, kwa hiyo likaamua uzi ujaribiwe kwanza. Popo akaitwa. Kila usiku yeye hula matunda ya mti wa mutuba na kutawanya mbegu popote apitapo. "Tawanya mbegu katika uwanja wa mraba," akaambiwa, "na palipoanguka mbegu tutachomeka kigingi." Popo akatawanya 10,000. Buibui akavuta ua bila kosa. Popo akatawanya 1,000,000. Ua ukatoka safi tena. Wazee wakapiga mabawa, na Kunguru, aliyekuwa karani, akaandika kwamba uzi umejaribiwa kwa vigingi milioni moja.

Hapo ndipo Bi Mchwa aliposimama. Hakuna aliyempenda, kwa kuwa kazi yake ya kuzaliwa ni kutafuta mahali nyumba ilipo dhaifu.

"Wazee wangu," akasema, "katika vigingi 10,000 vya Popo, uzi uligusa vingapi?"

Kunguru akahesabu: 24.

"Na katika milioni?"

Vilikuwa 37. Vingine vyote vilikuwa katikati, mbali na ua, wala havikumtaabisha fundi.

Hesabu ya Kunguru si ya hekaya tu. Nukta zikitawanywa kwa bahati sawa ndani ya mraba, pembe za ua huongezeka polepole mno: kwa wastani ni takriban 24 kwa nukta 10,000, na 36 au 37 kwa nukta milioni. Ukubwa wa jaribio uliongezeka mara mia, ugumu wake haukufika hata mara mbili. Tena bahati haiweki nukta tatu katika mstari mmoja kamili, haiweki mbili mahali pamoja, haipangi ishirini katika duara moja. Mwenye kujaribu kwa bahati peke yake anaijaribu programu yake pale tu ambapo haikuwa na shaka tangu mwanzo, na akiongeza idadi anajiongezea usalama wa maneno. Nimeliona hilo likifanywa na watu werevu, wakaridhika, nami nalihesabu kuwa kosa kubwa kuliko kutojaribu kabisa, maana asiyejaribu bado anaogopa.

Bi Mchwa alikuja na vigingi vyake mwenyewe. Alichomeka viwili katika tundu moja. Alichomeka safu nzima iliyonyooka. Akachora duara la nusu kipenyo 25 na kuchomeka humo vigingi 20, kila kimoja kwa namba kamili: (7, 24), (15, 20), (24, 7), (25, 0) na wenzao wa pande zote. Hapo kila kigingi ni pembe, na jibu linajulikana kabla uzi haujavutwa: 20, si 19. Mwisho akaweka kimoja kwenye (12, 12), kingine kwenye (24, 24), na cha tatu karibu kabisa na (0.5, 0.5), akakisogeza kwa hatua ndogo kuliko unywele.

Kunguru akacheka. "Vigingi hivi havipo duniani. Nani ameona kaloli 20 wakijenga viota duarani? Nani anajenga kiota juu ya kiota?"

Mzee Kaloli akauliza kwa upole, "Bi Mchwa, Buibui amekukosea nini?"

"Hajanikosea, Mzee. Nampenda. Ndiyo maana nataka uzi wake ukatikie hapa mbele yetu, usikatikie kwenye ugomvi."

Wakamtoa nje ya baraza.

Siku ya kuvuta ua ikafika, na jiji lenyewe likaleta vigingi. Ukoo wa Jinja Road ulikuwa umelala juu ya nguzo za taa, moja baada ya nyingine, safu iliyonyooka. Buibui alipouliza swali lake alijibiwa kushoto, akaenda. Akajibiwa kulia, akarudi. Akajibiwa kushoto tena. Jua lilizama akizunguka kati ya vigingi vitatu. Kule Wandegeya mti mmoja ulikuwa na viota vinne, kimoja juu ya kingine, na vigingi vyake vyote vikaingia katika tundu moja, kama yalivyo maduka ya ghorofa tofauti katika jengo moja la Kikuubo ambayo kwenye ramani ni nukta moja. Makerere, uzi ulifungwa vizuri sana, ila ulimwacha nje bibi wa ukoo, aliyekaa mbali kuliko wote.

Mambo haya mawili, kuzunguka bila kikomo na kuiacha nje nukta ya mbali, yameandikwa na wataalamu. Mwaka 2004 Lutz Kettner, Kurt Mehlhorn, Sylvain Pion, Stefan Schirra na Chee Yap walionyesha kwamba programu fupi ya ua, iliyo sahihi kabisa kwenye karatasi, huanguka namna hiyo ikipewa nukta chache zilizochaguliwa kwa makusudi. Vigingi vya Bi Mchwa vya 12 na 24 ni vya kwao. Kompyuta hukata tarakimu za mwisho, na karibu na mstari tarakimu hizo ndizo zenye jibu. Wakaisogeza nukta ya kwanza hatua kwa hatua na kulipaka rangi kila jibu. Picha iliyopaswa kugawanyika wazi kwa mstari mmoja ikatoka na madoa ya kushoto, kulia na sifuri yaliyochanganyika.

Bi Mchwa akaitwa tena. Hakudai kuombwa radhi, alidai orodha ya vigingi. Hapo ikajulikana kwamba Popo hakuwahi kukumbuka njia aliyoruka usiku wowote, hivyo hata kama ua wake ungekatika, hakuna ambaye angeweza kuurudisha usiku ule. Kuanzia siku hiyo akatakiwa aseme anaanzia mti gani, ili safari ile ile iweze kurudiwa.

Kisha Bi Mchwa akavichukua vigingi vyote vya Makerere akang'oa nusu. Uzi ukakosea bado. Akang'oa nusu ya vilivyobaki. Ukapona, akavirudisha, akang'oa nusu ile nyingine. Aliendelea hivyo, halafu kimoja kimoja, mpaka vikabaki vitano ambavyo ukiondoa chochote kosa linatoweka. Kwa vigingi 300 Buibui alikuwa amekaa kichwa chini. Kwa vitano aliliona kosa kwa macho yake. Kazi hii ya kupunguza naiheshimu kuliko nyingine zote katika ufundi huu, kwa kuwa inamwondolea fundi aibu na kumpa njia.

Kobe akawekwa kuwa mwamuzi wa kila ua wa Buibui. Yeye hakujua kujenga ua. Alipita upande kwa upande, na kwenye kila upande akakiuliza kila kigingi, uko ndani au nje? Alikuwa mzito, lakini alihesabu kwa tarakimu zote bila kukata hata moja, na kwa vigingi vichache uzito haumdhuru mtu.

Likabaki suala la kipimo. Kima, mpimaji, alikuwa ameandika mahali pa kila kigingi kwa mita za ramani ya UTM, kanda ya 36, ambako Kampala iko karibu na mita 453,000 upande mmoja na 35,000 upande wa pili. Zidisha hizo mbili kwa namba za desimali za biti 32: jibu ni kama bilioni 16, na hapo kompyuta haiwezi kuandika namba mbili zinazopishana kwa chini ya 1,024. Kiwanja cha futi 50 kwa 100, ambacho watu wa Kampala hukinunua kwa jasho la miaka, ni takriban mita za mraba 465. Viwanja viwili vinamezwa ndani ya pengo hilo moja. Bi Mchwa akamwambia Kima aanze kuhesabu kutoka kigingi cha kwanza cha ukoo. Akaongeza vigingi vya Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, mahali ikweta inapokatiza: ramani ya kusini huanza na mita 10,000,000 pale ile ya kaskazini inapoanza na 0, na ukoo wenye viota pande zote mbili ulivutiwa ua wa kilomita 10,000.

Buibui akabadili desturi yake. Swali likijibiwa waziwazi, anasonga. Jibu likikaribia sifuri, anasimama na kuhesabu upya kwa tarakimu zote, njia ambayo Jonathan Shewchuk aliichapisha kikamilifu mwaka 1997. Baraza likaamua kwamba Popo aendelee kutawanya, kwa kuwa naye hugundua yasiyofikiriwa na mtu, ila ua wowote usivutwe kabla ya kupita vigingi vya Bi Mchwa.

Nawe unayeandika programu ya kupima viwanja vya Wakiso au ya kumtafutia abiria boda iliyo karibu: vigingi 20 vya duara la 25 vinaandikika kwa dakika chache. Viandike leo katika faili. Seti yoyote itakayoivunja programu yako iweke katika faili hiyo hiyo pamoja na namba iliyoianzisha, ambayo ndiyo mti anaoanzia Popo, na usiifute hata baada ya kosa kurekebishwa.