Risasi ya Ishirini na Tisa

Kaka yangu alimaliza kidato cha sita wakati JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ya mujibu wa sheria imesitishwa. Ilisitishwa mwaka 1994, ikarudi 2013, na mimi kwa bahati yangu nikamaliza ikiwa imesharudi. Nikatoka Ngamiani na begi, kandambili na vidole laini vya mtu aliyekulia kushika kalamu, nikaripoti kambi moja mkoani Tanga. Jina lake nalihifadhi. Kambi haikunikosea kitu. Lililokosea ni dole gumba langu.

Mchakamchaka niliuweza, kwata nikaipenda kabisa. Siku ya shabaha ndiyo iliyoniumbua, tena kabla sijafyatua hata risasi moja. Afande alitaka makuruta wawili wa kujaza magazini. Nikanyoosha mkono upesi, maana kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa chini ya mwembe. Mwenzangu alikuwa binti wa Handeni, mpole, hasemi mpaka asemeshwe.

Magazini ya bunduki ya SMG ni kasha la chuma lililopinda kama ndizi, nalo hubeba risasi 30. Ndani mna springi, juu ya springi kibao, na kazi yako ni kuzishindilia risasi moja moja kwa dole gumba, zipite kwenye midomo ya kasha, zilale kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kumi za mwanzo huingia kama maji mtungini; unaanza hata kupiga mluzi. Ukifika ya ishirini, springi imeshajua nia yako. Ya ishirini na tano, ukucha unageuka mweupe. Ya ishirini na saba, ukibana inazama, ukilegeza inapanda, na mdomo wa kasha unakuchuna ngozi pale pale ilipokuchuna ya ishirini na sita.

Nikakumbuka somo la historia. Novemba 1914 Waingereza waliposhuka Tanga na kikosi kutoka India, askari wengi wa Mjerumani walikuwa na Mauser kuukuu za mtindo wa 1871: unatia risasi moja, unapiga, linatoka wingu la moshi, unatia nyingine. Wenye kuandika vitabu huwahurumia. Mimi chini ya mwembe ule niliwaonea kijicho. Risasi moja haina springi! Na Mwingereza, pamoja na bunduki zake za kubeba risasi kumi, alirudi baharini kichwa kimevimba kwa kuumwa na nyuki vitani.

"Dada, umefika ya ngapi?" nikauliza, nipate wa kulia naye.

"Hii ya tatu, kaka."

Nikafarijika. Nikataka hata kumpa moyo. Kumbe magazini ya tatu! Zile mbili zimelala miguuni pake, zimejaa, kama pacha walioshiba. Nikamtazama anavyofanya: dole halisukumi kwa ncha kama langu, linalaza nyama yote ya kidole kwenye kitako cha risasi, kisha anakandamiza na kurudisha nyuma kwa pamoja. Tak. Tak.

"Umejifunzia wapi?"

"Kwetu tunapukuchua mahindi," akajibu, bila kuinua macho.

Ikanipanda hamasa ya kiume, ambayo haijawahi kumfikisha mtu popote. Nikaishindilia ya ishirini na tisa kwa madole yote mawili. Springi ikanisubiri niteleze. Nikateleza. Risasi ikaruka, ikang'aa juani, ikapotea.

Sasa, mtu ambaye hajapita jeshini hawezi kujua uzito wa risasi moja. Risasi zinahesabiwa zikitoka, maganda yanahesabiwa yakirudi, na hesabu isipotimia hakuna aliyekula wala aliyelala. Kombania nzima ikapiga magoti kuchambua majani, jua la saa saba utosini, kila mmoja akinitaja kwa lugha ya kwao. Nilisikia Kisambaa, Kizigua, Kidigo, na Kiswahili kimoja nisichoweza kukiandika hapa.

Ilikuwa kwenye mkunjo wa mkono wa kombati yangu. Aliyeiona ni yule binti. Akaichukua, akaitia kashani, akaongeza na ya thelathini.

Zamu yangu ya kulenga ilipofika nilipewa risasi tano. Dole limevimba, kitako cha bunduki sikishiki vizuri, na karatasi yangu ikarudi safi, unaweza kuiandikia barua. Afande akaigeuza mbele na nyuma, akashusha pumzi.

"Huyu aende jikoni."

Nikaenda. Kesho yake alfajiri mpishi akanionyesha magunia mawili ya mahindi ya shamba la kambi, yote na magunzi yake.