Shemeji, Upepo na Springi

Sijawahi kumwona dereva wa bodaboda amepiga goti kando ya barabara pale Sakina, Arusha, kashika kipampu chenye geji, anajaza upepo kwenye shokapu za mbele. Hana habari na mambo hayo. Ndani ya ile miguu miwili ya pikipiki yake kuna springi ndefu na oili, na kwa springi hizo anabeba mama na watoto wawili, gunia la mkaa, siku nyingine kochi. Mimi ninayejibeba mwenyewe, tena kwa hiari, tena Jumamosi, ndiye niliyekuwa napiga goti uani kila ninapotaka kutoka.

Baiskeli yangu ni ya milimani, mtumba wa Ulaya, na foki yake, yaani shokapu ya mbele, ilikuja na upepo. Walioitengeneza wana sababu zao. Upepo hauna uzito wa kuutaja. Unarekebishika: mzito anajaza, mwepesi anatoa. Na foki ikibonyea ikakaribia mwisho, upepo wenyewe unakaza na kukataa kugonga. Sina ubishi na lolote kati ya hayo. Ila upepo hukaa ulipo kwa hisani ya vipete vya mpira, na vipete vya mpira vikishakutana na vumbi la Olmotonyi la mwezi wa Septemba, hisani hupungua.

Kuupima kwenyewe ni mtihani. Chumba cha upepo ndani ya foki ni kidogo, hivyo ukifunga pampu tu, sehemu ya upepo inakimbilia kwenye mpira wa pampu, na geji inakusomea pungufu ya kilichokuwemo. Kuchungulia ni kupunguza. Unaongeza, unafungua, unasikia "psss", unabaki kujiuliza hiyo psss imetoka kwenye foki au kwenye mpira. (Imetoka kwenye mpira. Lakini moyo hauamini, unapima tena.) Halafu kuna jua. Foki uliyoijaza psi 80 alfajiri, Arusha ikiwa na nyuzi 15, ukiiacha nje ya mgahawa mpaka saa nane mchana kwenye nyuzi 35, utaikuta 86, na hakuna aliyeigusa.

Labda awe ameigusa shemeji. Mdogo wake mke wangu ana kilo 58 na anapenda sana baiskeli za watu. Kila akiazima anatoa upepo mpaka foki imkubali, anazunguka nayo mjini, anairudisha imelegea. "Nimeirekebisha kidogo, shem," ananiambia, kwa sauti ya mtu anayestahili soda.

Kilichomaliza uvumilivu ni pete moja. Foki ya namna hii ina vyumba viwili vya upepo: cha juu kinasukuma kwenda nje, cha chini, kidogo, kinavuta kwenda ndani ili foki isiwe ngumu mwanzoni mwa mbonyeo. Kinachovitenganisha ni pete ya mpira. Pete hiyo ilichoka nikiwa nashuka njia ya msituni juu ya Olmotonyi. Upepo ukavuka kwenda chumba cha chini, foki ikajivuta ndani na kubaki humohumo, na mbele ya baiskeli ikashuka kama ngamia anayepiga magoti apakiwe mzigo. Nikaendelea hivyo hadi barabarani, kidevu kwenye usukani, makalio yameuelekea Mlima Meru. Watoto waliokuwa wakichota maji walisimama kunipisha. "Shikamoo, babu!" wakaniamkia kwa pamoja. Nina miaka arobaini na tatu.

Fundi wangu, ambaye ofisi yake ni kivuli cha mjakaranda na sanduku la spana, hakuhitaji maelezo marefu. "Mzee, achana na upepo. Tunakutilia springi ya pikipiki." Alikuwa nayo tayari kwenye sanduku. Tukaisimamisha kwenye ubao, nikaiegemea. Kimya. Akaja msaidizi wake akaegemea juu yangu. Kimya. Muuza kahawa akaweka birika chini, akatuongezea uzito wake, na hapo springi ikashuka unene wa kidole. Ilikuwa springi ya gunia la mkaa. Mimi si gunia la mkaa, ingawa watatu wale walinitazama wakiwa na mashaka.

Mwisho tukaagiza vifaa vya kazi hiyo hasa. Vipo: kampuni ya Vorsprung ya Kanada, kwa mfano, wanatengeneza mfumo wa kutoa upepo wote kwenye foki na kuweka springi, pamoja na kizuizi cha oili cha kupunguza kishindo mbonyeo unapofika mwisho, maana springi ya kawaida haikazi ghafla kule mwisho kama upepo. Lakini kabla ya kukuuzia, mwenye springi lazima akuulize swali ambalo mwenye upepo hakuulizi: una kilo ngapi?

Nyumbani tunatumia takwimu ya 85. Ilipatikana kabla ya harusi na haijawahi kupingwa. Fundi akaikataa palepale. Alitaka uzito wa safarini: viatu, kofia ngumu, begi, maji. Kwa hiyo nikaenda stendi nimevaa hivyo kwa kijana mwenye mizani, yule anayekupima kwa sarafu mbele ya halaiki. "Shikamoo mzee, panda taratibu." Nikapanda. Akainama kusoma, akanyanyuka, akainama tena. Kisha akatangaza, maana wale hawasemi, wanatangaza: "Tisini na saba!" Kondakta wa Hiace ya Usa River akageuka kunitazama, nadhani akinipigia hesabu ya siti mbili.

Ugumu huu wa springi kukubali maelezo una historia. Robert Hooke, Mwingereza, aliwahi kuwa msaidizi wa Robert Boyle kule Oxford, na ndiye aliyemtengenezea pampu ya hewa. Mwaka 1662 Boyle akachapisha kanuni yake: ukiibana hewa ikabaki nusu ya nafasi yake, kanieneo yake inakuwa maradufu. Ndiyo foki yangu ya zamani hiyo. Hooke naye akaja na kanuni ya springi, lakini kwa kuogopa kuibiwa, mwaka 1676 aliichapisha kama herufi zilizovurugwa, ceiiinosssttuv, na hakuzipanga mpaka 1678. Mafundi wa kuficha siri ya kazi hawakuanzia Kariakoo. Siri yenyewe ni kwamba springi inarudisha nguvu sawasawa na ulivyoibonyeza: mara mbili kwa mara mbili, tatu kwa tatu, bila kona. Ya mtu wa 85 inamfaa mtu wa 85. Anayetaka kujipunguzia kilo kumi na mbili kwa mdomo atalipwa na jiwe la kwanza.

Binamu yangu anayeishi Ujerumani ndiye aliyeuleta mzigo. Uwanja wa ndege walimfungulia sanduku, wakaishika springi, wakaivuta, wakaibonyeza, wakamuuliza ni ya nini. "Ni ya binamu yangu," akajibu. "Ni mnene." Wakamruhusu.

Kazi ilifanyika chini ya mjakaranda. Kwanza fundi akatoa upepo wote mpaka mwisho, maana ukifungua foki ya upepo ikiwa bado imejaa, vilivyomo vinatoka kwa kasi na havichagui uso. Akalegeza bolti za chini, akazigonga kwa nyundo ya mpira, miguu ya nje ikachomoka ikidondosha oili nyeusi kwenye gazeti la juzi. Ikabaki pete ya chuma inayokaza mfuniko wa ndani, ile ya kubinywa kwa koleo lenye ncha mbili. Koleo likateleza. Hatukuiona pete ikiruka, tulisikia tu "tii!" kwenye sufuria la mama lishe wa jirani.

"Mama, samahani," fundi akaanza, "kuna kitu chetu kwenye maharage."

"Kilichoingia kwangu ni changu," mama akajibu bila kugeuka. "Mnanunua sufuria zima au mnamwacha Mungu apange?"

Tukanunua sufuria zima. Tulikula sote, na muuza kahawa na madereva wawili wa bodaboda tuliowakaribisha, kila mtu akitafuna kwa uangalifu mkubwa. Pete ikaangukia kwa msaidizi. Aliitoa mdomoni, akaifuta kwa kanga ya mama lishe, na kazi ikaendelea.

Baiskeli imeongezeka karibu nusu kilo. Mwanzoni springi ilikuwa ikikwaruza kuta za bomba na kulia "krrr" kwenye kila tuta, mpaka fundi akaivisha ala ya plastiki na kuipaka grisi nzito. Sasa haina neno. Vijiwe ambavyo upepo ulikuwa unavipuuza mpaka visukume kweli, springi inavimeza vikiwa vidogo, kwa sababu hakuna tena pete za upepo zilizobana kiasi cha kugoma kuanza kusogea. Njia ileile ya Olmotonyi naishuka kidevu kikiwa mahali pake.

Shemeji alikuja kuiazima wikiendi iliyofuata. Akarudi mapema kuliko kawaida yake, anapuliza viganja.

"Shem, hii baiskeli imekuwaje? Mbele haibonyei kabisa. Nimegongwa mikono mpaka kwenye bega."

Nikamwambia ni springi, imepimwa kwa mtu wa kilo 97.

Alichuchumaa akaizunguka foki, akaipapasa juu na chini akitafuta nozeli. "Pa kutolea upepo ni wapi?"

"Hakuna."

"Sasa mtu mwembamba anafanyaje?"

Dada yake akamjibu kutoka jikoni kwamba ugali upo.