Mtumba wa Vita Baridi

Kuna mtumba wa shati, kuna mtumba wa gari, halafu kuna mtumba wa mabwana wakubwa wa Marekani: MiG, ndege ya kivita ya Kisovieti. Ndiyo, ile ile iliyoundwa kuwatungua. MiG-21 iliwatoa jasho marubani wao Vietnam. Leo mstaafu mwenye akiba nono anainunua, anaisugua kutu, anaipaka nyota nyekundu upya na kuiombea kibali cha ndege za majaribio na maonyesho. Ukomunisti ulishindwa, lakini spea zake zinatafutwa kwa udi na uvumba.

Anayeogopa MiG huanza na L-39, ndege ya mafunzo ya Chekoslovakia, inayopatikana kwa bei ya gari la kifahari. Hapo ndipo mtego ulipo. Kununua ni rahisi. Ikishawashwa, hunywa mamia ya lita za mafuta kwa saa, na fundi anayeijua vizuri keshazeeka. Bunduki, bila shaka, zimeng'olewa. Kiti cha kumrusha rubani nje ndicho kizungumkuti, maana baruti yake ina tarehe ya kuisha muda. Kuibadilisha ni gharama, kwa hiyo wapo wanaokizima kabisa. Lakini fedha za kupaka rangi zilikuwepo. Rangi ndiyo inayoonekana pichani.

Sasa mwulize bwana mkubwa anakwenda wapi na dude hilo. Haendi popote. Anapaa, anazunguka, anatua palepale, na mkewe, shemeji yetu, ndiye anayesaini hundi ya mafuta.