Babu Mahesabu Anajibu: "D Mbili na E, Niende Chuo Gani?"

*Shikamoo Babu. Nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya ECA. Nimepata D ya Uchumi, D ya Biashara na E ya Uhasibu. Nataka kusoma biashara, na wenzangu wanasema niombe vyuo vya Dar tu. Nichague vipi?*
*Mwenye Daraja la Tatu, Dongobesh*

Marahaba, mjukuu wangu. Umefanya la maana kuniandikia mimi. Wengine wangekujibu tu, mimi nitakuelimisha. Wasomaji wapya wajue kwamba anayeandika hapa ndiye mwenye duka la nafaka karibu na stendi ya Katesh, mtu pekee kati ya Babati na Singida anayejumlisha madebe kwa kichwa huku akifukuza mbuzi kwa mguu. Kikokotoo kipo dukani, lakini ni cha wateja wasioniamini. Wakishamaliza kubonyeza huninyamazia kwa adabu.

Turudi kwako. Baraza la Mitihani huhesabu D nne, D nne, E tano: jumla 13. Daraja la tatu linaanzia 13 na kuishia 17, kwa hiyo wewe ni wa juu kabisa katika daraja la tatu, na nashangaa hukulitaja hilo kwenye barua. Mimi ningelitaja kabla ya shikamoo. Sasa TCU, wasimamizi wa vyuo vikuu, wana hesabu yao inayokwenda kinyume: kwao A ni 5, D ni 2, E ni 1, na anayetaka shahada anadaiwa angalau pointi 4 kutoka masomo mawili yanayohusika na kozi. D mbili ni 4. Umelipa bei kamili bila hata senti ya chenji. Biashara ya namna hiyo naiheshimu.

Ila kufika mlangoni siyo kukaribishwa ndani. Kozi ina idadi yake ya nafasi, na wakijitokeza wenye B na C, wewe wa pointi 4 utasubiri nyuma yao hadi foleni iishe au mlango ufungwe. Wanaokuambia "Dar tu" hawakulifikiria hilo. Wao wamefikiria bahari. Sisemi Dar ni pabaya. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kipo kule tangu 1965. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kipo tangu 1972, pale mtaa wa Shaaban Robert, na mtaa huo nimeukanyaga kwa viatu vyangu mwenyewe. Mlinzi aliniuliza kama nimekuja kusoma au kufundisha. Nikamwambia achague yeye. Aliniacha nimesimama juani kwa muda mrefu, nadhani kwa mshangao.

Njoo usimame nami hapa stendi ya Katesh, uso uuelekeze Mlima Hanang. Mkono wa kulia barabara inakwenda Babati, ambako Chuo cha Uhasibu Arusha, IAA, kina kampasi. Mkono wa kushoto inakwenda Singida, ambako Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, nayo ina kampasi. Katikati nipo mimi. Kama walikusudia hivyo au la, sikuona haja ya kuuliza. Ukisoma Babati, mama atakutumia gunia la mahindi kwenye basi. Ukisoma Dar, atakutumia salamu. Halafu kuna Moshi, Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza kama chuo cha ushirika mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Wanafundisha uhasibu na biashara, na wanafundisha ushirika pia, jambo ambalo huku kwetu watu huligundua upya kila bei ikiporomoka.

Bei! Hapo umenigusa. Mwaka 2017 India ilibana uagizaji wa mbaazi, na ghafla mbaazi za Hanang na Babati zikakosa mnunuzi. Nina daftari la madeni la mwaka ule, jalada la bluu, pembe zimeliwa na panya. Kushoto kuna jina la mdaiwa, katikati kiasi, kulia nimeandika "atalipa akiuza mbaazi". Mstari baada ya mstari, ukurasa wa kwanza hadi wa nne, "atalipa akiuza mbaazi", hadi kalamu yenyewe ikabadilika rangi kutoka bluu kuwa nyeusi. Hilo ndilo somo zima la biashara ya kimataifa: serikali iliyo ng'ambo ya bahari inasaini karatasi, na mtu wa Endasaki anashindwa kulipa kilo mbili za sukari. Maprofesa hulifundisha kwa muhula mzima. Mimi nalifundisha kwa kulifungua daftari. Kipimo changu kwa anayetaka kusoma biashara ni hicho: nampa lile daftari alisome. Akilia, aende ualimu. Akiuliza kwa nini sikuwakopesha kwa dhamana, aende uhasibu. Akiuliza mbaazi zile ziko wapi na zinauzwaje sasa, huyo hahitaji chuo, anahitaji kufukuzwa dukani kwangu kabla hajanipora wateja.

Nilikuwa nasema nini? CBE. Mbali na Dar wana kampasi Dodoma, Mwanza na Mbeya, na wana kozi moja isiyotajwa vijiweni: mizani na vipimo. Ndiko wanakofundishwa wale vijana wanaokuja kukagua mzani wako na kukusomea sheria ya lumbesa. Mzani wangu mimi unajulikana Hanang nzima. Wanaosema unapunja hawajui kwamba mahindi hukauka yakiwa njiani kutoka guniani hadi kwenye sahani ya mzani. Kozi hiyo uifikirie kwa makini, mjukuu wangu, kwa sababu mwombaji mwerevu huangalia zile ambazo wenzake hawazitaji. Ukihitimu, tafadhali omba upangiwe mkoa mwingine.

Usidharau stashahada pia. Mlango wa kuingilia kutoka kidato cha sita ni mpana: ufaulu mkuu mmoja, yaani kuanzia E kwenda juu, na S moja. Wewe unao ufaulu mkuu wa masomo matatu. Ingia kifua mbele, toka na wastani wa GPA 3.0 au zaidi, na shahada itakufungulia. Kabla hujajaza lolote, soma kitabu cha mwongozo wa TCU cha mwaka husika, mstari wa kozi unayoitaka, maana kozi nyingine za biashara hudai ufaulu wa Hisabati ya kidato cha nne, na hukuniambia ya kwako iko wapi. Ukimya wako nimeuona.

Kama bado alama zako zinakuumiza, ninayo dawa. Chukua cheti, panda nacho Mlima Hanang hadi kileleni. Kule ni zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Hakuna E yoyote Dar iliyo juu hivyo.

Na namba ya simu kwenye maombi! Tangu 2017 mnaomba vyuoni moja kwa moja, na ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja unatumiwa namba ya siri kwa ujumbe wa simu ili uthibitishe unakokwenda. Kijana mmoja wa huku, kwa heshima zote, alijaza namba ya mjomba wake. Ujumbe ulifika mjomba akiwa Yaeda Chini anatafuta ng'ombe, simu haina chaji. Aliporudi aliusoma, akaona tarakimu, akadhani ni bahati nasibu, akaufuta. Jaza namba yako. Na nywila usimwachie kijana wa steshenari, hata kama ni mcheshi.

*Mzee Mahesabu, binti yangu amemaliza kidato cha nne, daraja la nne, pointi 28. Anapenda biashara. Ndugu zangu wengine wanasema arudie mtihani, wengine wanasema aolewe. Nifanyeje?*
*Mzazi, Endasaki*

Ndugu yangu, wanaosema aolewe waambie Mzee Mahesabu ameuliza wao walipata pointi ngapi. Watatawanyika.

Pointi 28 huenda ni D saba. Chuo cha biashara kinadai D nne tu, zisizo za masomo ya dini, ili kumpokea astashahada ya awali. Anazo na chenji juu. Sasa tega sikio, kwa sababu hesabu hii wazazi wengi hawajaifanya, na mimi niliifanya nikiwa napakua maharage. Astashahada ya awali mwaka 1, stashahada miaka 2, shahada miaka 3: jumla 6. Aliyepita kidato cha tano na cha sita hutumia miaka 2, na shahada 3: jumla 5. Binti yako anachelewa mwaka mmoja tu, na akikwama katikati tayari ana cheti mkononi, wakati aliyekwama kidato cha sita ana sweta la shule. Tatizo ni ada: mkopo wa Bodi ya Mikopo, ile bumu wanayoimba vyuoni, zaidi ni ya shahada. Miaka ya mwanzo ni ya mahindi yako. Tafuta chuo ambacho NACTVET, wasimamizi wa vyuo vya kati, wanakitambua, kilicho umbali wa kupeleka gunia. Na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, kwa wasajili wa vizazi na vifo, mapema, siku ya mkopo ikifika kisimkwamishe.

Watu wa nchi hii tusiwe wepesi wa kuwakatia tamaa wa nyuma. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, aliingia uwanjani Mexico mwaka 1968 goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi wa marathoni, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Mshindi alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia. Nenda mnada wowote huku uulize nani anamjua Mamo Wolde. Mimi darasani nilikuwa wa kwanza kila mwaka, ndiyo maana inabidi nijisifu mwenyewe.

*Babu, nimepata daraja la kwanza, pointi 5. Nisome biashara wapi?*
*Kipanga, Mbulu Mjini*

Popote. Safu hii ni ya wenye shida.

Fuso limefika na vijana wanashusha magunia bila mimi kuhesabu, kwa hiyo haraka haraka: wa Dongobesh, shahada Moshi na stashahada Babati na Singida, CBE Dodoma uiweke kwenye orodha, na Dar chuo kimoja tu cha kujaribu bahati. Wa Endasaki, astashahada, mwaka huuhuu. Ushauri ni bure, isipokuwa kwa walio ukurasa wa tatu wa lile daftari la bluu. Nyinyi mnajijua.