Rili Nyekundu na Satini ya Harusi

Mume wangu, Baba Kulwa, si mvuvi. Ni mwalimu wa historia, na samaki anaowajua kwa karibu ni wale waliokwisha kupita kwenye mafuta. Lakini mpe kitu chenye miaka nyuma yake, hata kifuniko cha chupa, atakukalisha chini akueleze. Mdogo wake anayeishi Göteborg, Uswidi, anaujua ugonjwa huo. Alipokuja likizo hapa Mwanza hakumletea kaka yake viatu wala simu. Alimletea rili ya kuvulia samaki: nyekundu, ya mviringo, ya mtindo wa kizamani, skrubu zake zinaonekana waziwazi ubavuni.

"Shemeji," akaniambia, "hii kwa sura ni bibi, kwa ndani ni msichana."

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Akakohoa.

Nikauliza bei. Shemeji akacheka, akaomba maji ya kunywa. Basi nikajua.

Usiku ule ugali ulipoa mezani. Baba Kulwa alikuwa ameshasoma, na sasa alikuwa anafundisha. Kwanza tukapelekwa Paris, si ile ya Ufaransa, bali mji mdogo wa Kentucky, Marekani, ambako mwanzoni mwa karne ya 19 fundi wa saa aitwaye George Snyder alitia gia ndani ya rili, ili ukizungusha mkono mara moja, bobini izunguke mara kadhaa. Kisha Kalamazoo, Michigan, kwa bwana Shakespeare ("si yule wa tamthilia, Mama Kulwa"), aliyesajili hataza ya kidude kinachotembea huku na huku kupanga uzi. Halafu tukavuka bahari hadi Svängsta, kijiji cha kusini mwa Uswidi, ambako mwaka 1921 kilianzishwa kiwanda cha ABU. Kiwanda hicho kilitengeneza saa za mfukoni na mita za teksi. Vita vya pili vya dunia vikaua soko la mita, mafundi wakahamishia mikono yao kwenye rili, na mwaka 1952 wakatoa Ambassadeur, nyekundu, ambayo mpaka leo watu wanaiga umbo lake.

"Kwa hiyo hii inaonyesha saa?" mama mkwe akauliza.

"Hapana, mama."

"Na hela ya teksi?"

"Hapana, mama."

"Haya. Kuleni."

Iliyokuja nyumbani kwetu si ile ya 1952. Ni mwigo wa sura yake, umetengenezwa juzi, na jina la mtengenezaji silitaji kwa kuwa hajanilipa kumtangazia. Nitasema tu kilichomo, maana mimi ni fundi cherehani, na nilipoona bobini, uzi na kitasa cha kukazia, niliona kitu cha ofisini kwangu kimepotea njia.

Walianza wenyewe kuvisha uzi. Ulikuwa uzi wa kusuka, mwembamba, mgumu kukatika, na waliufunga moja kwa moja kwenye bobini tupu, wakazungusha kwa furaha. Kisha wakataka kupima nguvu ya breki ya kumchosha samaki, ile inayokazwa kwa kitasa chenye umbo la nyota kando ya mkono. Tukaazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani anayeuza sato Kirumba. Shemeji akashika rili, kaka akavuta mizani. Nyota ilikuwa imekazwa hadi mwisho, lakini mshale haukufika hata kilo mbili. Uzi ukawa unatoka tu.

"Imekufa," akasema Baba Kulwa, na sauti yake ilikuwa ya msibani.

Shemeji akaanza kufungua skrubu. Nikamwambia aache. Nikasogeza taa. Bobini ilikuwa imetulia tuli. Kilichokuwa kinazunguka ni uzi, bunda zima, juu ya alumini laini iliyong'arishwa. Uzi wa kusuka hauna unyumbufu wala mkwaruzo wa kung'ang'ania mahali pa namna hiyo. Nikaufumua wote, nikatanguliza mizunguko michache ya nailoni, nikaunga wa kusuka juu yake, na safari hii nikamwambia mwanetu Doto aubane uzi kwa kitambaa kibichi wakati unaingia, kwa sababu uzi uliolegea chini utamezwa na ule utakaovutwa juu. Mizani ikarudi. Mshale ukapanda hadi kilo tano, ukakaa pale huku uzi ukitoka taratibu, bila kurukaruka. Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu. Kilo nyingi si kitu. Breki mbovu hukwama kwanza, kisha huachia ghafla, na uzi hukatika kwenye ule mshtuko wa kwanza.

Nilifunga pia kipande cha uzi mwekundu kwenye bobini, nikazungusha mkono mara moja, polepole, nikihesabu. Sita na zaidi kidogo. Zile za zamani, alivyosema mwalimu, zilizunguka mara chache zaidi. Ndani ya lile umbo la bibi, gia kweli ni za msichana.

Watoto nao walifanya utafiti wao. Kulwa na Doto walisikia kwamba ndani mna breki ya sumaku, wakaleta sumaku ya spika iliyokufa na kuibandika kwenye bobini. Haikushika. "Baba, umeuziwa feki," Doto akatangaza, na baba yao akanitazama mimi, kwa kuwa historia haina sura ya alumini. Shemeji ndiye aliyetuonyesha. Akaweka kitasa cha pembeni kwenye sifuri, akaisukuma bobini kwa kidole. Ikazunguka muda mrefu. Akakipandisha hadi juu, akasukuma tena. Ikafa upesi, na hakuna kilichoigusa. Sumaku haiivuti alumini iliyotulia, lakini alumini ikizunguka mbele yake, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa ndani yake na kuipinga, na kadiri inavyokwenda kasi ndivyo inavyopingwa. Breki za zamani zilikuwa vipande vidogo vinavyotupwa nje na mzunguko vikasugua pete. Zilifanya kazi, na nyingine zinafanya mpaka leo, ila kuzirekebisha ilibidi ufungue ubavu. Hii unageuza kitasa tu.

Breki hiyo ni ya nini? Chambo kikirushwa hutoka kwa kasi, kisha hewa hukipunguza. Bobini haina habari. Inaendelea kumwaga uzi kwa kasi ile ile ya mwanzo, na uzi ukikosa pa kwenda hugeuka nyuma na kujisokota. Kila aliyewahi kujaza bobini ya cherehani akaachia uzi katikati anaijua hasira hiyo. Kwa hiyo kuna sumaku, kuna kitasa cha pili cha kubana ekseli ya bobini, na juu ya vyote kuna dole gumba la mrushaji, ambalo lazima ligusie uzi wakati wote na kuusimamisha chambo kinapogusa maji. Shemeji alilirudia hilo sebuleni. Akaning'iniza chubwi juu ya zulia, akakaza kitasa mpaka chubwi ikashuka polepole na bobini ikasimama pale pale ilipogusa chini. "Na unapojifunza," akasema, "ng'oa ndoana zote. Chubwi peke yake." Kaka yake akaitikia kwa kichwa, vile wanafunzi wake wanavyomwitikia yeye.

Alasiri ya siku ya pili yake shemeji alikwenda mjini. Nyumba yetu iko mteremkoni Bwiru, ua wa nyuma unatazama ziwa, na saa za alasiri upepo unatoka majini ukija usoni. Kwenye kamba ya nguo, nyuma kabisa, nilikuwa nimetundika magauni ya wapambe wa harusi ya Jumamosi, satini rangi ya damu ya mzee, nimeyapiga mvuke yakae sawa. Nilikuwa ndani nashona vifungo. Niliyaona yote dirishani.

Baba Kulwa alitoka na fimbo, na kwenye ncha hakufunga chubwi. Alifunga samaki wa mbao mwenye ndoana mbili za meno matatu matatu, kwa sababu, alivyonieleza baadaye, alitaka "uzito halisi". Breki ya sumaku aliiweka sifuri, kwa sababu hiyo ni ya wanaojifunza. Akarusha kuelekea ziwani, upepo ukampiga samaki wa mbao kifuani, na uzi ukafura juu ya rili ukawa rundo. Akaufumua kwa subira, nampa haki yake. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa apate nafasi, akapeleka fimbo nyuma ya bega kwa nguvu za mtu aliyedhamiria kufika Ukerewe, na akairusha mbele.

Gauni likapaa.

Lilitoka kwenye kamba pamoja na vibanio vyake, likapita juu ya kichwa chake likiwa limefunguka mikono yote miwili, likapita juu ya banda la kuku, na kuketi kwenye mpera. Kuku walipiga kelele. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kivulini na kahawa yake, aliinua macho.

"Mwanangu, umevua nini huko? Mke wa pili?"

Sikusema neno. Nilichukua koleo, mkasi na ngazi. Meno mawili yalikuwa yamezama kiunoni mwa satini mpaka kwenye vichomozi, na Baba Kulwa alikuwa ameshika samaki wa mbao tayari kuvuta. Nikampiga mkono. Kichomozi kimewekwa pale ili ndoana isirudi ilikopita, ukivuta unachana. Unasukuma mbele ncha itokeze upande wa pili, unakata kichomozi kwa koleo, ndipo ndoana inarudi nyuma kwa ulaini. Yakabaki matundu mawili madogo, lakini satini haisahau, hata ukiipiga pasi. Nilikata maua ya kitambaa kilichobaki nikayashona kiunoni, na kwa kuwa wapambe hawawezi kutofautiana, magauni yote yakapata ua. Maua ya mengine aliyakata mwalimu, usiku, kwa mkasi wangu mbovu. Mwenye harusi alipokuja Ijumaa alisifia ubunifu na akauliza kama nitamwongezea bei. Nilimwambia ni zawadi ya nyumba.

Uzi ulikuwa umeharibika vibaya zaidi kuliko gauni. Hapa pia kuna ujanja, na wenye mkasi mwepesi wauzingatie: kaza nyota, bana bobini kwa dole gumba kwa nguvu, zungusha mkono kidogo ili vitanzi vilale, kisha vuta uzi taratibu, ukikwama, rudia. Vile vilivyobaki nilivichomoa kwa sindano ya kufumia. Sikukata hata shubiri moja.

Jumapili tulikwenda miambani kandokando ya ziwa, chini ya usimamizi wa shemeji. Tulisimama juu ya mawe makavu. Mimi kwenye majani ya ufukweni siingizi mguu, kichocho kipo. Breki kati, dole gumba kazini, upepo mgongoni. Na lazima niseme ukweli kuhusu kile kitu: kinarusha. Bobini inaimba kidogo, kidude kinapanga uzi sawasawa ukingo hadi ukingo, mkono unazunguka bila kutikisika upande wowote. Umbo lile la duara si pambo tupu. Linabeba uzi mwingi, na fremu haijipindi unapovuta kitu kizito.

Lakini sura ya zamani ina kodi yake. Kwenye mizani ya jirani anayeoka keki ilikaribia gramu 300, na zipo rili za siku hizi, zile bapa, zinazofanya kazi hiyo hiyo kwa theluthi mbili ya uzito. Imekaa juu sana ya fimbo. Kiganja changu hakiizunguki vizuri, na baada ya saa moja dole gumba linauma kwa kupanda na kushuka. Chambo chepesi haikitaki kabisa, kinadondoka karibu na miguu. Kwa sangara inafaa. Kwa mtu anayetaka tu kurusha na kwenda zake, rili ya kawaida, ile ambayo bobini haizunguki na uzi unachomoka mbele, Kulwa aliimudu asubuhi ile ile bila somo lolote, na bei yake haimfanyi shemeji aombe maji.

Ilipata samaki. Sangara mdogo alimeza samaki wa mbao, nyota ikatoa uzi bila papara, na Baba Kulwa akapiga kelele zilizosikika Kirumba. Shemeji akampima kwa futi yangu ya kushonea: hakufika sentimita 50, na sheria ya ziwa hili hairuhusi kumchukua wa chini ya hapo. Wakamrudisha. Mama mkwe, mtoto wa mvuvi wa Ukerewe, hakuzungumza nao njia nzima. Nyumbani alimuuliza shemeji, kwa upole, nauli ya kutoka Göteborg ni shilingi ngapi, na samaki yuko wapi.

Shemeji amerudi Uswidi. Rili imebaki, na beringi zake zinataka tone la mafuta mepesi kila baada ya matumizi. Mafuta mepesi ya nyumba hii ni ya cherehani yangu. Kichupa kimekuwa kinapungua bila mimi kukigusa, kwa hiyo nimefungua ukurasa kwenye daftari la madeni: Baba Kulwa, mafuta, maua ya satini, vibanio vya nguo viwili vilivyobaki juu ya mpera. Amesaini. Ameomba alipe mwisho wa mwezi.